Siku Moja ni Siku Gani?

Msomaji kijana, katika lugha ya Kiingereza, kama katika lugha yetu, yako maneno madogo ambayo mtu huyatumia kila anaposimulia bila ya kuyafikiri hata kidogo. Huyatia katika insha kama mpishi atiavyo chumvi chunguni, kwa mazoea ya mkono. Maneno hayo ni yale yanayogusa wakati pasipo kuutaja: "one day", yaani siku moja, "once upon a time", yaani hapo zamani za kale, "long ago", yaani kale, "the other day", yaani juzijuzi, na "some day", yaani iko siku. Katika insha hii nataka kuyatetea maneno hayo mbele ya watu wanaoyadharau, kisha nataka kuwashitaki watu wanaoyatumia vibaya. Usidhani kuwa mambo haya mawili yapingana. Aijuaye thamani ya panga ndiye amkatazaye mtoto kulichezea.

Neno langu nalisema tangu mwanzo ili lisikupotee njiani: mtunzi wa hadithi ana haki ya kuificha siku, lakini shahidi hana haki hiyo. Yote nitakayoyasema yatoka katika neno hili.

Makundi mawili yameliharibu jambo hili katika madarasa yetu. Kundi la kwanza ni la wale ambao kila waandikapo Kiingereza huanza na "one day". Wakiandika hadithi ya sungura na fisi, ni siku moja. Wakieleza jinsi daraja la kijijini lilivyochukuliwa na mafuriko, ni siku moja. Wakiandika maisha ya bibi yao aliyewalea, ni siku moja tena. Kundi la pili ni la wale waliosikia kuwa "one day" ni maneno ya watoto wadogo, wakayapiga marufuku, na mahali pake wakaweka mapambo ya kukariri: jua lilichomoza mashariki, ndege wakalia mitini, nayo ilikuwa "that fateful day", yaani siku ile iliyoandikiwa jambo kubwa. Kundi la kwanza halifikiri. Kundi la pili ladhani kwamba limefikiri. Mimi nayapinga yote mawili, ila nitaanza na utetezi, kwa kuwa si haki kumhukumu mtu kabla ya kuijua kazi yake.

Fungu la maneno "once upon a time" ni la kale sana. Limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, wakati ambapo vitabu vya Waingereza vilikuwa bado vikinakiliwa kwa mkono. Mfaransa Charles Perrault alipochapisha hadithi zake mwaka 1697, alitumia maneno ya Kifaransa yenye maana iyo hiyo. Na Robert Samber alipozitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1729, alilikuta fungu hilo tayari likimngoja. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliotoa kitabu chao cha hadithi mwaka 1812, nao walikuwa na mlango wa namna hiyo katika lugha yao. Kwetu msimulizi husema Paukwa, wasikilizaji hujibu Pakawa, ndipo watu wote wakaingia pamoja katika hapo zamani za kale. Sasa fikiri, msomaji: mataifa yaliyokaa mbalimbali hivi, yasiyoketi baraza moja wala kuota moto mmoja, yangewezaje kufanana katika jambo hili kama halina maana?

Maana yake ni mapatano. Msimulizi amwambia msikilizaji: usiniulize mwaka, wala usiondoke kwenda kulitafuta kaburi la mfalme huyu, nami kwa upande wangu sikudai uamini kwamba sungura alinena. Badala yake nisikilize, kisha utazame kama tamaa ya fisi haifanani na tamaa ya mtu umjuaye. Mapatano hayo yamewekwa wazi, kila mtu ayajua, wala hapana aliyedanganywa. Ukitaka kuona jinsi yalivyo ya lazima, yavunje. Andika kwamba sungura alimdanganya simba siku ya Jumanne, tarehe 4 Machi mwaka 1947, saa nne ya asubuhi. Mara moja msomaji ataacha kusikiliza, aanze kuuliza: jambo hilo lilitokea wilaya gani? Askari wa wanyama walikuwa wapi? Nani aliyeona? Tarehe moja tu imeigeuza hadithi kuwa taarifa, na taarifa hiyo haina mashahidi.

Hiyo ndiyo kazi ya fungu lile refu. Fungu fupi, "one day", lina kazi nyingine, na wengi hawaijui. Kazi yake ni kutenga tukio na desturi. Mwandishi aanza kwa kueleza jinsi mambo yalivyokuwa kila siku: mzee alikuwa akienda mtoni kila asubuhi, akatega madema yake, akarudi jua lisijawa kali. Mpaka hapo hapana hadithi. Pana maisha tu. Kisha aandika "one morning", asubuhi moja, na msomaji huinua uso, kwa kuwa ajua kwamba asubuhi hii haikufanana na zile nyingine. Maneno hayo mawili ni kama bawaba ya mlango. Bawaba ni kitu kidogo, wala mgeni haisifu nyumba kwa bawaba zake. Lakini pasipo bawaba mlango haufunguki.

Mfano mkubwa kuliko wote niujuao umo katika kitabu cha Daniel Defoe, Robinson Crusoe, kilichochapishwa mwaka 1719. Mtu anayesimulia katika kitabu kile ni mwenye kuhesabu siku kuliko karani wa benki. Atuambia kwamba alizaliwa York mwaka 1632. Atuambia kwamba alitupwa na bahari katika kisiwa kisicho na watu tarehe 30 Septemba mwaka 1659. Alisimamisha mti pwani, akachonga tarehe hiyo, na kila siku akaukata mti ule alama moja. Alama ya siku ya saba aliifanya ndefu, na ya siku ya kwanza ya mwezi aliifanya ndefu zaidi. Hata alipoondoka kisiwani aliweza kusema kwamba alikaa miaka 28, miezi 2 na siku 19. Basi mtu huyu, aliyekaa miaka mingi pasipo kuuona uso wa binadamu, alikuta mchangani alama ya unyayo wa mtu. Hilo ndilo jambo kubwa lililompata katika kisiwa chote na katika kitabu chote. Je, lilimpata tarehe gani? Defoe hasemi. Asema kwamba ilikuwa siku moja, karibu na mchana. Basi.

Je, Defoe alichoka? Je, mti wa alama ulianguka? Hasha. Alijua alifanyalo. Kama angetaja tarehe, msomaji angefanya hesabu. Angeuliza ni mwaka wa ngapi tangu meli kuvunjika, ni msimu wa mvua au wa kiangazi. Lakini hofu haina kalenda. Mtu akiuona unyayo wa ghafula hafikiri juu ya mwezi. Afikiri juu ya mguu, na juu ya mwenye mguu. Kwa hiyo Defoe aliiondoa tarehe, akaacha saa ya mchana tu, ili tuuone unyayo katika mwangaza mkali wala tusione kitu kingine. Wanaosema kuwa "one day" ni maneno ya watoto wamwulize Defoe.

Sasa, yeyote atakaye kulitumia fungu hili na ashike sheria yake, nayo ni sheria ambayo Mswahili ameinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Sisi husema siku moja tunapoitaja siku kwa mara ya kwanza, kisha husema siku ile au siku hiyo tunapoirudia. Mwingereza naye husema "one day" mara ya kwanza, kisha "that day". Mwanafunzi anayeandika "one day" katika mstari wa kwanza, na "one day" katika mstari wa nne, na "one day" tena katika mstari wa saba, amemwambia msomaji kwamba siku zilikuwa tatu. Msomaji ahesabu siku tatu, mwandishi alikuwa na siku moja, na mkutano wao wavunjika hapohapo. Kosa hili halitokani na Kiingereza kuwa kigumu. Latokana na kuacha akili nyumbani, kwa kuwa katika Kiswahili mwanafunzi huyohuyo hawezi kulifanya.

Aidha, kila neno katika jamaa hii lina nyumba yake. "The other day" hukaa karibu na jana. Ni siku chache zilizopita ambazo msemaji hakutaka kuzihesabu, kama sisi tusemavyo juzijuzi. Wakati tunapokusudia juzi kamili, siku inayotangulia jana, Mwingereza ana maneno mengine, "the day before yesterday". Ukiandika kwamba mfalme wa majini alioa "the other day", umemfanya kuwa jirani yako uliyehudhuria harusi yake wiki iliyopita. Mwandishi mcheshi aweza kufanya hivyo kwa makusudi, akachekesha. Asiyejua ajichekesha mwenyewe. "Some day" hutazama mbele, hukaa katika nchi ya matumaini. "One day" hutazama pande zote mbili, nyuma na mbele, na kitendo kinachofuata ndicho kionyeshacho upande. "One of these days" pia hutazama mbele, na aghalabu ni ahadi ya mdeni au tisho la mtu aliyekasirika. Mwenye kudai asilitegemee.

Tena kuna ndugu watatu wanaofanana sura hata mama yao huwachanganya: "sometime", "some time" na "sometimes". Wa kwanza ni wakati fulani usiojulikana. Wa pili ni kitambo, urefu wa muda. Wa tatu ni mara kwa mara au mara nyingine. Na neno "ago" laweza kufuata hesabu ya miaka au neno "long", lakini halikubali kuolewa na kitendo kisichotengana na sasa. Kwa hiyo "I saw him two years ago" ni sawa, na "I have seen him two years ago" si sawa. Mambo haya ni madogo, nami siyakalii; yaweke mkobani twende mbele.

Nalirudia kundi la pili, lile la mapambo. Watu hawa waliona ugonjwa wa kweli, ila dawa waliyoitoa ni sumu. Walimwambia mwanafunzi aache "one day", naye akaacha. Lakini hawakumwambia aweke nini, naye akaenda kuazima. Aliazima jua lenye kuchomoza, jambo ambalo jua hulifanya kila siku na kwa hiyo halisimulii kitu. Aliazima "that fateful day", akawaambia wasomaji kwamba msiba waja kabla msiba haujafika, kama mtu anayeeleza jibu la kitendawili kabla ya kutega. Wengine waliazima hata "the material day", maneno ya mahakamani yenye maana ya siku inayohusika na kesi, wakayatia katika hadithi ya msichana aliyepotelewa na mbuzi. Polisi akitoa ushahidi aweza kusema hivyo. Mbuzi haihitaji heshima hiyo. Nakwambia, msomaji, kwamba "one day" iliyo wazi na safi ina adabu zaidi kuliko vazi la kuazima lisilokutosha mabegani.

Watu hao hudhani pia kwamba siku ikitajwa kwa jina basi maneno yamekuwa kweli. Wamekosea. Tarehe nayo ni chombo cha mtunzi. Kitabu kile cha mwaka 1719 hakikuwa na jina la Defoe katika ukurasa wake wa mbele. Kilitolewa kama maisha yaliyoandikwa na Crusoe mwenyewe, na tarehe zake nyingi ziliwekwa ili msomaji aamini kwamba mtu huyo aliishi. Robert Louis Stevenson, alipoandika Treasure Island, kitabu kilichotoka mwaka 1883 na ambacho Waswahili wamekisoma kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, alifanya ujanja wa namna nyingine: mwaka aliuandika nusu, tarakimu mbili za karne ya 18 na mbele yake mstari mtupu, kana kwamba ajua mwaka kamili ila ana sababu ya kuuficha. Hazina yenyewe haijatolewa yote, na mwenye siri hatoboi. Hapo kuficha kwenyewe kumekuwa sehemu ya hadithi.

Naye George Orwell katika Animal Farm, kitabu cha mwaka 1945 alichokiita hadithi ya kimasimulizi na ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, alitaja siku na miezi, hata tukajua kwamba vita vya bandani vilipiganwa tarehe 12 Oktoba. Lakini mwaka hakuutaja hata mara moja. Wasomaji wake walijua kuwa anaisema Urusi baada ya mapinduzi ya mwaka 1917. Lakini kwa kuwa mwaka haumo, kitabu kile hakikufungwa nyumba moja. Msomaji wa nchi yoyote, katika zama zozote, akiwaona viongozi walioahidi usawa wakilala katika vitanda vya bwana waliyemfukuza, humtambua mtu. Orwell aliificha siku ili kweli yake isafiri. Huo ndio ufundi, na hiyo ndiyo haki ya mtunzi niliyoitaja.

Utetezi umekwisha. Sasa naingia katika mashitaka, na hapa naomba masikio yako yote.

Wako watu wanaosimulia mambo yaliyotokea kweli, yaliyowapata watu wenye majina, katika siku zinazojulikana, nao wayaandika kwa Kiingereza kana kwamba ni mambo ya sungura na fisi. Mwanafunzi aambiwa aandike habari za bibi yake. Bibi huyo aliondolewa nyumbani kwake wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba mwaka 1952 na kuondolewa mwezi Januari mwaka 1960. Aliingizwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, akalimishwa handaki lile kwa mikono yake. Mjukuu aandikaje? Aandika "long ago", kale, watu walikuwa na taabu. Kale gani? Taabu ya nani, na kutoka kwa nani? Kwa maneno mawili amemtoa bibi yake katika nchi ya watu walioishi, akamweka katika nchi ya majini na mazimwi. Na pamoja naye amewatoa waliomwamuru, kwa maana katika hapo zamani za kale hapana mwenye kulaumiwa. Zimwi halishitakiwi.

Tazama tofauti iliyopo. Ukisema "once upon a time", umemwambia msomaji asitafute ushahidi. Ukiyasema hayo juu ya sungura, umetenda haki. Ukiyasema juu ya bibi yako, umemfungia njia kila atakayetaka kuuliza, na huenda wewe mwenyewe ukawa wa kwanza kutaka kuuliza utakapokuwa mtu mzima na bibi hayupo.

Huenda ukadhani kwamba nakuza jambo dogo. Basi fikiri habari hii. Wakenya wazee watatu walikwenda katika Mahakama Kuu ya London kuishitaki serikali ya Uingereza kwa mateso yaliyowapata vizuizini katika miaka ya 1950. Serikali ile ilijitetea, pamoja na mambo mengine, kwa kusema kwamba muda mrefu mno umepita hata kesi haiwezi kusikizwa kwa haki. Yaani, kwa lugha ya insha hii, ilitaka mambo yale yahesabiwe kuwa ya kale. Tarehe 5 Oktoba mwaka 2012 jaji aliamua kwamba kesi yaweza kuendelea, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba maandishi ya wakati ule yalikuwapo kwa wingi: barua, taarifa na kumbukumbu zenye tarehe. Tarehe 6 Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza bungeni kwamba yasikitika kwa yaliyotendeka, na kwamba itawalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Wazee wale hawakuwa na jeshi. Walikuwa na miili yao yenye makovu, na kumbukumbu za lini na wapi, na karatasi zilizokubaliana nazo. Mtu aliyezoea kusema kale hawezi kusimama mahali kama pale.

Wako watakaosema: sisi hatuijui tarehe, wazee wetu hawakuandika, tutaitaja vipi? Hili ni swali la haki, na nalijibu kwa heshima. Sikukuambia ubuni tarehe. Kubuni tarehe ya tukio la kweli ni uongo mbaya kuliko kuificha, kwa kuwa huvaa nguo za ushahidi. Lakini baina ya kujua saa na kutojua kitu pana ngazi nyingi, na wazee wetu walizipanda zote. Walihesabu kwa njaa, kwa nzige, kwa rika lililotahiriwa, kwa mvua iliyokosekana, kwa reli iliyofika, kwa vita waliyochukuliwa vijana. Chinua Achebe, katika Things Fall Apart ya mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili huitwa Shujaa Okonkwo, aliwahesabia watu wake wakati kwa kupanda viazi vikuu na kuvivuna, kwa juma la amani na kwa mwaka wa mvua mbaya. Nasi wasomaji hatupotei hata siku moja. Huo ni wakati dhahiri, ijapokuwa haukuandikwa kwa tarakimu.

Kwa hiyo mwulize bibi: ulikuwa umekwisha kuolewa? Mtoto wa kwanza alikuwa akitambaa au akitembea? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada yake? Mvua za masika zilikuwa zimeanza? Akijibu, andika jibu lake. Ukiandika kwamba jambo lilitokea wakati wa Hali ya Hatari, katika mwaka ambao mama yako alizaliwa, kabla ya mavuno, umemweka bibi mahali pake chini ya jua. Na pale asipokumbuka, sema kwamba hakumbuki. Kiingereza kina njia nzuri ya kusema hivyo, "she does not remember the year", na hapana aibu ndani yake. Shahidi anayesema sikumbuki pale asipokumbuka huaminiwa zaidi pale asemapo nakumbuka.

Wako wengine watakaosema: hii ni insha ya mtihani tu, msahihishaji ana mamia ya karatasi mezani, ajali nini habari ya siku? Nawajibu kwamba mazoea hayajui mtihani. Mkono unaozoea kuandika "one day" juu ya ajali ya basi iliyotokea mbele ya macho yako ndio mkono utakaoandika taarifa ya zahanati, barua ya malalamiko ya kiwanja kilichonyakuliwa, na ripoti ya mkutano wa ushirika. Mwenye kunyakua kiwanja hupenda sana barua isemayo "some time ago". Barua ya namna hiyo haimwumi. Barua isemayo ni tarehe gani vigingi vilipopigwa, na nani alikuwapo, hiyo ndiyo imnyimayo usingizi.

Na kwa upande mwingine, mkono ulionyimwa "one day" utotoni, ukafundishwa kwamba kila hadithi lazima iwe na Jumatatu yake na jua lake, hautaweza kutunga. Utaogopa kumwambia msomaji funga macho twende. Taifa lahitaji mikono ya namna zote mbili: ya kutunga hadithi zitakazosafiri kama za Orwell, na ya kutoa ushahidi utakaosimama kama wa wale wazee. Mara nyingi mikono hiyo miwili ni ya mtu mmoja, na lililo muhimu ni mtu huyo ajue leo ameketi kiti kipi.

Basi, msomaji, kabla hujaandika neno la kwanza la masimulizi yako ya Kiingereza, simamisha kalamu ujiulize maswali matatu. Jambo hili nalitunga au lilitokea? Kama nalitunga, je, naificha siku kwa kuwa hadithi yataka ifichwe, au kwa kuwa sikufikiri? Kama lilitokea, nani atapata hasara nikiificha, na nani atapata faida? Ukishajibu, andika bila hofu. Ikiwa jibu lakutuma kwa "once upon a time", ufungue mlango huo kwa mikono miwili, wala usione haya mbele ya wenye mapambo. Ikiwa lakutuma kwa tarehe, itafute. Uliza, sikiliza, pima, kisha iandike kwa tarakimu zinazosomeka.

Siku moja ni siku gani? Kwa sungura ni siku yoyote, nasi hatumdai zaidi. Kwa bibi yako ilikuwa siku yenye jina, na asubuhi yake, na watu wake waliosimama mlangoni. Yeye bado aijua. Mwulize wewe, upesi, kabla haijawa kale.